Unaingia Lini? Karatu na Boksi la Chakula cha Mchana

"Unaingia lini?"

Hilo ndilo swali nililopokelewa nalo na dada wa mapokezi katika gesti moja ya Karatu, kabla hata hajaniuliza jina. Hakuwa na maana ya kuingia chumbani. Karatu, neno "kuingia" likisemwa peke yake lina maana moja tu: kupita geti la Lodoare na kuingia Ngorongoro. Nikamjibu kwamba siingii, nimekuja Karatu tu. Akanitazama kidogo, akanisogezea daftari la wageni, lile lenye safu za jina, kabila, kazi, utokako na uendako. Kwenye utokako nikaandika Arusha. Kwenye uendako nikafikiri, nikaandika Arusha tena. Akalisoma, akatabasamu kama mtu aliyeona hesabu isiyotoka, akanipa ufunguo.

Kosa halikuwa lake. Karatu imezoea kuwa mahali pa kulala watu wanaokwenda kwingine. Ukitoka Arusha unashika barabara ya Dodoma kiasi cha kilomita 80 hadi Makuyuni, unakata kulia, unapita Mto wa Mbu, unapanda ukingo wa Bonde la Ufa huku Ziwa Manyara likibaki chini upande wa kushoto, unapita Rhotia, na ghafla udongo unageuka mwekundu na hewa inakuwa ya baridi. Hapo umefika. Mji uko juu, kwenye mwinuko wa kama mita 1,500, na anayetoka Dar es Salaam bila sweta atajuta usiku wa kwanza. Lami ya kutoka Makuyuni ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Japani, na iliishia getini Lodoare. Ukitazama ramani utaona barabara ile haikujengwa ifike Karatu. Ilijengwa ifike Ngorongoro, na Karatu ilikuwa njiani.

Tumekuwa tukiandika kuhusu miji ya namna hii kwa mtindo mmoja. Upande mmoja tunasema utalii umewainua wananchi wa maeneo ya jirani. Upande wa pili tunasema wananchi hawanufaiki, fedha zote zinaishia Arusha na Ulaya. Nimekaa Karatu siku chache, na ninachoweza kusema ni kwamba hoja zote mbili zinaruka kitu kidogo ambacho ndicho kinachoamua mambo. Kitu hicho ni saa. Na ndani ya saa hiyo kuna boksi.

Nianze na saa. Geti la Lodoare linafunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Kibali cha mgeni kinahesabiwa kwa saa 24 tangu alipoingia. Gari linaloshuka ndani ya kreta, lile shimo kubwa la volkano wanalolifuata wageni, lina ada yake peke yake, juu ya ada ya kila kichwa. Kwa viwango vilivyotumika miaka ya karibuni, mgeni mzima kutoka nje ya Afrika Mashariki analipa dola 70.80 pamoja na kodi, na gari linaloshuka kreta linalipiwa dola 295. Wageni wanne kwenye gari moja, basi, wanaacha dola 578.20 pale getini, bila kuhesabu ada ya gari lenyewe kupita. Mtu aliyelipa fedha hizo hataki dakika ipotee. Dereva wake anajua hivyo, na bosi wa dereva huko Arusha anajua zaidi.

Ndiyo maana saa 11 na nusu alfajiri, giza likiwa bado halijaachia vizuri, barabara kuu ya Karatu ina msururu wa Land Cruiser taa zikiwaka. Nilikaa kwenye kibanda cha chai kando ya barabara nikizitazama. Mama mwenye kibanda alikuwa anachoma chapati, na kila gari likipita vumbi la ukingoni liliinuka, naye aliifunika sufuria ya maziwa kwa kifuniko bila hata kugeuka. Gari linapita, kifuniko kinashuka. Limepita, kifuniko kinainuka. Nilimuuliza kama kuna anayesimama hapa kunywa chai. "Madereva, wakirudi," akasema. "Wazungu wanakuwa wamelala bado, vichwa kwenye kioo." Kisha akaongeza, kana kwamba ananifariji, "Jioni wanapunga mkono."

Gari hilohilo linaporudi jioni linakuwa na watu waliochoka, waliojaa vumbi, wanaotaka maji ya moto na kitanda. Hoteli nyingi za watalii haziko mjini. Ziko pembeni, kwenye vilima na mashamba ya kahawa, mwisho wa njia za vumbi zenye vibao vidogo. Huko kuna chakula cha jioni kilicholipiwa tayari, moto wa kuota, pengine bwawa la kuogelea. Kesho alfajiri, safari ya Serengeti. Mgeni amelala Karatu usiku mbili na anaweza kuapa kwamba hajawahi kuiona.

Sasa boksi. Madereva wanaliita lanchi boksi na hawana jina lingine. Hoteli inalifunga usiku au alfajiri, moja kwa kila mgeni na moja la dereva, kwa sababu chakula cha mchana kitaliwa ndani, chini kwenye kreta, pale Ngoitokitok kando ya bwawa la viboko, ambapo mgeni anakula akiwa ndani ya gari au ameinamia chakula chake kwa sababu mwewe wa pale hawana adabu. Wanashuka kama jiwe na kunyakua kipande cha kuku mkononi mwa mtu.

Dereva mmoja niliyempata akisubiri wageni wake nje ya kituo cha mafuta alikubali tulifungue boksi lake juu ya boneti tulihesabu. Lilikuwa na paja la kuku lililofungwa kwenye foili, yai la kuchemsha, kipande cha keki, mkate wenye jibini, juisi ya pakiti, pakiti ndogo ya krispi, tufaha na ndizi mbili. Tukaanza kucheza mchezo wa kuuliza kila kitu kimetoka wapi. Kuku: Arusha, wa kisasa, huwa wanaletwa wakiwa wamegandishwa. Mkate na keki: vimeokwa hotelini, lakini unga wake umetoka kiwandani. Jibini: Arusha. Juisi na krispi: duka la jumla, Arusha. Tufaha lilikuwa na kibandiko cha Afrika Kusini. Yai hatukuwa na uhakika nalo. Ndizi, akasema kwa furaha ya mtu aliyepata jibu, "Hizi za Mto wa Mbu!"

Ndizi mbili. Na Karatu yenyewe, wilaya inayolima ngano, mahindi, maharage na kahawa, inayofuga kuku na ng'ombe, haikuwa na uhakika hata wa yai.

Ni rahisi kufikia hapa ukaanza kulaumu. Nilimfuata meneja wa hoteli moja, mtu mwungwana, nikamuuliza kwa nini hanunui sokoni Karatu. Hakukasirika. Aliniambia mambo matatu, na la kwanza lilinishangaza kwa sababu halikuhusu ubora. Lilihusu risiti. Mhasibu wake anataka risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kodi, kwa kila manunuzi, maana bila hiyo risiti mamlaka ya mapato, TRA, hawayatambui kama gharama. Mama anayeuza mchicha na nyanya sokoni hana mashine ya EFD, na kwa mauzo yake sheria haimlazimishi kuwa nayo. Duka la jumla la Arusha linayo. La pili ni malipo: hoteli inalipa baada ya mwezi, wakati mwingine miwili, kwa sababu na yenyewe inasubiri kulipwa na kampuni za utalii. Mama wa mchicha hawezi kusubiri hata wiki. La tatu ni kwamba hoteli inahitaji mayai 300 kila siku na si 300 leo, 90 kesho na kesho kutwa hakuna.

Nikimsikiliza nilijiona nikikubali. Halafu nikajiuliza: hayo mambo matatu, ni lipi kati yake lisilowezekana? Chama cha ushirika chenye wakusanyaji wa mayai kinaweza kuwa na mashine moja ya EFD kwa niaba ya wanachama hamsini. Mkopo mdogo wa kulipa wakulima wakati hoteli haijalipa si jambo jipya. Halmashauri zinatakiwa kwa sheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Idadi ya mayai ni suala la kujipanga. Hakuna hata moja linalohitaji wizara, mkutano wa wadau au mtaalamu mshauri kutoka nje. Linahitaji mtu wa halmashauri anayekubali kwamba kazi yake ni kuuza mayai. Huyo ndiye adimu.

Lakini ngoja niseme jambo ambalo wapenzi wa utalii hawapendi kulisikia. Karatu haikai ikimsubiri mtalii. Usiku wa pili niligundua hilo kwa masikio. Magari ya watalii yalikuwa yamekwisha kulala, ila barabara haikulala. Malori yalikuwa yanapita, yakishuka kutoka upande wa Njia Panda, yakinuka vitunguu hadi chumbani kwangu. Vitunguu vya Mang'ola. Bonde lile lililo kando ya Ziwa Eyasi linalima kwa umwagiliaji, na vitunguu vyake vinakwenda Arusha, Dar es Salaam na kuvuka Namanga hadi Nairobi. Mkulima wa Mang'ola ana ugomvi wake wa miaka mingi, na haumhusu mtalii hata kidogo. Unahusu lumbesa: lile gunia linaloongezewa kichwa cha wavu na kamba hadi linasimama kama mtu mnene, wakati mkulima analipwa kwa gunia, si kwa kilo. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Kila msimu viongozi wanakataza lumbesa, na kila msimu lumbesa inapanda lori.

Waulize vijana wa bodaboda pale stendi ni nani anayewapa hela. Watakutajia mnada wa tarehe 7 kabla ya kukutajia mzungu. Siku ya mnada Karatu inageuka mji mwingine. Wanakuja Wairaqw kutoka vijijini, Wamaasai kutoka ndani, Wabarbaig na ng'ombe wao, wachuuzi wa mitumba kutoka Arusha, wauza dawa za mifugo wenye vipaza sauti, na moshi wa nyama ya mbuzi unaoonekana kabla hujaufikia uwanja. Mtu mmoja alinunua mbuzi, akamchinja, akamla na marafiki zake, akauza ngozi na kuondoka akiwa amesahau kilichomleta. Ni hadithi niliyosimuliwa, sikuishuhudia, ila nilivyoona pale naiamini.

Na hapa ndipo lile neno "lango" linapoanza kunikera. Tunasema Karatu ni lango la Ngorongoro, tukimaanisha watu wanapita kwenda ndani. Lakini lango lina pande mbili. Ndani ya eneo la hifadhi, ambalo lilianzishwa mwaka 1959 na lina kilomita za mraba 8,292, wanaishi wafugaji. Kilimo humo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa tena mwaka 1992, kikazuiwa tena mwaka 2009. Mtu anayeishi mahali ambapo haruhusiwi kupanda hata mstari mmoja wa mahindi lazima anunue ugali wake. Ananunua wapi? Karatu. Kwa mfugaji wa Nainokanoka au Endulen, Karatu ndiyo lango la kutokea: anashusha mbuzi, anapandisha mahindi. Magunia yanayopita Lodoare kuelekea ndani hayapigwi picha na mtu, ila ndiyo biashara iliyoshikilia maduka mengi ya nafaka ya mji ule. Tangu Juni 2022, baadhi ya familia zilipoanza kuhamishiwa Msomera, Handeni, mjadala wa nchi nzima umekuwa juu ya haki, uhifadhi na siasa, na ni sawa uwe hivyo. Muuza mahindi wa Karatu yeye ana jicho lake: anawajua watu hao kama wateja, anajua nani alikuwa anachukua magunia mangapi, na nani haonekani tena.

Mwaka 2020 ulituonyesha uzito wa kila upande wa mizani hii. Ndege za kimataifa zilisimamishwa Aprili, zikaruhusiwa tena Mei, lakini wageni hawakurudi kwa amri. Nchi nzima wageni wa nje walishuka kutoka kama milioni 1.5 mwaka 2019 hadi kama 620,000. Karatu hoteli zilifunga, wapishi na wahudumu wakarudishwa nyumbani, madereva wakaanza kuuza matunda au kulima. Nilizungumza na mhudumu mmoja aliyekaa miezi tisa bila mshahara. Alikuwa na ekari mbili za mahindi na maharage alizoachiwa na baba yake huko Endamarariek. "Nilikuwa nazidharau," alisema. "Nilizikodisha. Mwaka ule nilimwomba mpangaji anirudishie nusu." Mwenzake wa Arusha, dereva asiye na shamba, aliuza simu, kisha televisheni, kisha pikipiki. Mji uliokuwa unaitwa mji wa watalii ulipona kwa jembe.

Kuna uhusiano mmoja kati ya hifadhi na mji ambao ni mkubwa kuliko mtalii, na ajabu ni kwamba haupo kwenye hotuba. Ni maji. Msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro, ule unaoonekana umevaa ukungu asubuhi ukitazama kaskazini, ndio unaolisha chemchemi zinazotokea chini yake. Chemchemi za Qang'dend zinazomwagilia vitunguu vya Mang'ola ni maji yaliyopita chini ya ardhi kutoka kwenye milima ileile. Kwa hiyo mkulima wa kitunguu ambaye hajawahi kumwona faru ananufaika na uhifadhi kuliko mwenye hoteli, kwa maana mwenye hoteli anaweza kuhamia kwingine. Naye kitunguu chake ndicho kinacholipia ada za shule. Ningekuwa mhifadhi ninayetaka kuungwa mkono na wananchi wa Karatu, ningeacha kuwahubiria dola na kuanza kuwaonyesha mfereji.

Wanavyomfahamu tembo ni habari nyingine. Katika vijiji vinavyopakana na msitu, tembo na nyati wanakuja usiku kula mahindi. Mzee mmoja wa kijiji cha pembeni, ambaye nyumba yake na ukingo wa msitu vimetenganishwa na shamba moja tu, aliniambia hajawahi kushuka kreta maishani mwake. Kama Mtanzania ada yake ni ndogo mno kulinganisha na ya mgeni, angeweza kuilipa. Lakini ada si tatizo. Tatizo ni gari: lazima uwe na gari la kupanda na kushuka ile njia, na yeye ana baiskeli. "Shikamoo mzee, hujawahi kabisa?" nilimuuliza. Akacheka. "Marahaba. Sasa mimi nikamfuate tembo wa nini? Mwenyewe ananijia." Hapo sikuwa na swali lingine.

Watu wengi wakifika hapa wanapendekeza utalii wa kitamaduni: mlete mtalii sokoni, mpeleke kwa fundi wa matofali, mwonyeshe mama anavyosonga ugali. Si wazo baya. Mto wa Mbu, kilomita chache kabla ya kupanda Bonde la Ufa, umekuwa ukifanya hivyo tangu miaka ya 1990, mpango ulipoanza kwa msaada wa Waholanzi. Wageni wanatembezwa kwa baiskeli kwenye migomba, wanaonja mbege, wanaangalia Wamakonde wakichonga, na jambo muhimu kuliko yote, wanakaa chini kwa mama mmoja na kula wali, maharage, ndizi za nyama na mchicha. Nimewahi kula pale. Ni chakula kizuri, na malipo yanaonekana yanaingia mkononi mwa aliyepika.

Lakini tazama kwa nini Mto wa Mbu wameweza. Wameweza kwa sababu walikamata mchana. Hifadhi ya Ziwa Manyara iko mlangoni kwao, ni ndogo, gari linaweza kuizunguka kwa nusu siku na kurudi mjini wakati wa kula. Karatu haiwezi kukamata mchana kwa sababu mchana wa Karatu unaliwa kreta. Ukimwambia mgeni aliyelipia gari dola 295 apande saa 6 ili aje kula makande mjini, dereva wake atakucheka mbele yako. Kwa hiyo unapoiga mpango wa Mto wa Mbu na kuupeleka Karatu, unaiga jibu bila swali lake.

Na kuna aibu fulani ndani ya wazo hilo ambayo sijui kama wengine wanaihisi. Mnada wa tarehe 7 haukuwekwa ili utazamwe. Nilipokuwa pale nilimwona kijana wa kizungu amesimama na kamera, peke yake, akiwa na mwongozaji wake, akipiga picha za Wabarbaig waliokuwa wanabishana bei ya ng'ombe. Mmoja wao aligeuka, akanyoosha mkono, akataka hela ya picha. Ubishi wa ng'ombe ukakatika. Yule muuzaji akasubiri, akakasirika, akaondoka na ng'ombe wake. Sisemi wageni wasije. Nasema soko likigeuka jukwaa, wa kwanza kupoteza ni wale waliokuja kuuza.

Ndiyo maana mimi ningeacha mtalii alale, aende zake alfajiri, ashuke kreta, ale akiogopa mwewe, arudi, apunge mkono. Nisingemgusa. Ningeligusa boksi lake. Mayai yawe ya Rhotia. Kuku awe wa hapa, na kama wa kienyeji ana nyama ngumu kwa meno ya wageni basi vijana wafuge wa kisasa hapahapa. Karanga zichukue nafasi ya krispi. Asali ya Karatu ipo. Parachichi zipo. Kitunguu kwenye kachumbari kiwe cha Mang'ola, kwa kweli hili lingekuwa kichekesho kama si kweli kwamba nimekula saladi ya hoteli Karatu na mpishi akaniambia kitunguu kimekuja na gari la mboga kutoka Arusha. Yaani kilipita Karatu usiku kwenye lori, kikaenda Arusha sokoni, kikapandishwa kwenye gari lingine, kikarudi Karatu kikiwa na risiti.

Nilimrudia meneja wangu mwungwana na hesabu hiyo ya kitunguu. Alicheka sana, akatikisa kichwa, akasema nimletee mtu mwenye EFD leo hii atanunua. Nikampa namba ya kiongozi wa kikundi kimoja cha wafugaji wa kuku niliyekutana naye sokoni. Kama waliongea sijui.

Siku ya kuondoka nilipanda Noah asubuhi. Dada wa mapokezi alinisindikiza hadi mlangoni na kuniuliza, safari hii bila daftari, kama nimefurahi. Nilisema nimefurahi sana. "Lakini hujaona simba," akasema. Nikamwambia nimeona malori. Akaniaga kwa huruma.

Nilikuwa nimenunua vitunguu debe moja, nimefunga kwenye mfuko wa salfeti. Kondakta alitaka nivilipie kama abiria. Tukabishana hadi Rhotia, abiria wenzangu wakigawanyika kambi mbili, na mama mmoja wa kiti cha nyuma akasema kwa sauti kwamba vitunguu vya Mang'ola vinalipiwa kwa sababu vinatoa machozi njia nzima. Nililipa nusu nauli. Tulipoanza kushuka Bonde la Ufa, Land Cruiser mbili zilitupita, wageni wote wamelala, na kwenye dashibodi ya ile ya kwanza, upande wa dereva, lilikuwepo boksi jeupe ambalo hakuwa amelifungua.